Baada ya kifungu cha 226, nani atamtambua kijana mwenye sonona?

Mnamo Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya alitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Kifungu hicho kilimhesabu mtu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili, kutozwa faini, au yote mawili. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili walikuwa miongoni mwa waliopeleka kesi hiyo, na jaji alikubaliana nao kwamba sheria ilikuwa ikimbagua mtu kwa sababu ya afya yake, ikimvunjia utu na kumfungia njia ya matibabu. Tangu hapo yamesikika maoni ya aina mbili. Wapo wanaosema kujitoa uhai kumehalalishwa na watoto wetu wameachwa wazi. Wapo wanaoshangilia kwamba hofu imekwisha, kwa hiyo vijana sasa watatafuta msaada wenyewe. Nadhani pande zote mbili zimeisoma hukumu hii vibaya kwa sababu ileile: zinatazama saa ya mwisho ya safari iliyochukua miezi. Kijana wa Kisumu, Nakuru au Kakamega hafiki mikononi mwa polisi kabla ya kupita sehemu nyingine mbili. Hupita zahanati, ambako ugonjwa wake huandikwa malaria au taifodi, na hupita ofisi ya naibu mwalimu mkuu, ambako huandikwa utovu wa nidhamu. Hukumu ya Januari haikugusa hata moja ya sehemu hizo, na huko ndiko sonona (depresheni) ya vijana inakopotelea.

Si kwamba nchi haikuwa na onyo. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza magonjwa ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho, na serikali za kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hizi katika vituo vyao vya afya na kuzitengea fedha. Kwenye karatasi, basi, mtoto wa Budalang'i au Kuresoi ana haki ileile aliyonayo mtoto wa Nairobi. Kwa miguu na kwa matatu, mambo ni tofauti. Wataalamu wa eneo letu wamekusanyika katika hospitali chache kubwa: ile ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, hospitali ya rufaa ya Nakuru, ile ya Kakamega, na ya Moi mjini Eldoret. Juu ya hayo, bima ya EduAfya iliyokuwa ikiwagharamia wanafunzi wa shule za upili za umma tangu 2018 ilikoma mwishoni mwa 2023. Sasa mwanafunzi hutibiwa kama mtegemezi wa mzazi chini ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, maana yake mzazi awe amejisajili, amemwandikisha mtoto, na analipa michango yake. Mzazi asiyejua kwamba mtoto ni mgonjwa hawezi kuyahangaikia hayo mapema.

Na kujua si rahisi, kwa sababu sonona haimjii kijana kwa sura tunayoitarajia. Tunangoja machozi. Kwa mtu mzima, dalili kuu ni huzuni isiyoondoka au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, ikifuatana na mabadiliko ya usingizi, hamu ya kula, nguvu, umakini, wepesi wa mwili, hisia za hatia au kujiona hafai, na mawazo ya kifo. Mwongozo wa wataalamu huhesabu dalili tisa. Angalau tano zikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, na moja kati ya hizo ikiwa huzuni au kukosa hamu, hapo kuna ugonjwa. Lakini mwongozo huohuo unasema kwamba kwa mtoto na kijana, nafasi ya huzuni inaweza kuchukuliwa na hasira. Kijana wa miaka 15 anayebamiza mlango, anayemjibu mama yake mkato, anayesema "niacheni tu" kila akiulizwa, anaweza kuwa na ugonjwa uleule unaomfanya mtu mzima alie usiku. Huongezeka maumivu ya kichwa na tumbo yasiyopatiwa chanzo. Alama hushuka ghafla kwa mtoto aliyekuwa akijitahidi, si kwa sababu ya uvivu bali kwa sababu anasoma ukurasa mmoja mara nne bila kukumbuka kitu. Wavulana aghalabu huficha zaidi: unaona busaa, chang'aa, kamari ya simu, kupigana, kuendesha boda kwa kasi ya kutojali. Wasichana hutambuliwa kwa wingi zaidi, lakini nao huitwa wenye kiburi au "amepata mvulana" kabla mtu hajafikiria ugonjwa. Kipimo cha mzazi kiwe mabadiliko: je, huyu ndiye mtoto niliyemjua miezi mitatu iliyopita, na kama siye, hali hii imedumu zaidi ya wiki mbili na kuharibu masomo, urafiki au usafi wake?

Chukulia msichana wa Kidato cha Tatu kutoka Ahero. Amekuja nyumbani na kichwa kinachouma, uchovu, na chakula hakishuki. Mama yake anampeleka zahanati, na mama huyu anafanya jambo sahihi kabisa. Tuko ukanda wa ziwa, malaria ni ya mwaka mzima, na homa isiyopimwa inaweza kuua. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoka hasi. Mhudumu ana foleni mlangoni, kwa hiyo anaomba kipimo cha Widal, kinatoka chanya, na msichana anaondoka na viuavijasumu vya taifodi. Tatizo ni kwamba Widal moja peke yake haithibitishi taifodi. Kingamwili anazozisoma mhudumu zinaweza kuwa zimebaki mwilini tangu maambukizi ya zamani, na katika eneo ambako taifodi ni ya kawaida watu wengi wazima wa afya watatoka chanya. Wiki mbili baadaye msichana anarudi, hajapona, na anapewa dawa kali zaidi. Katika ziara zote mbili hakuna aliyemuuliza analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, au kama bado anaimba kwaya aliyokuwa akiipenda. Simlaumu mhudumu kwa kupima malaria, wala kwa kutafuta upungufu wa damu, selimundu, ujauzito au virusi vya UKIMWI, kwa maana yote hayo yapo kwetu na yote huchosha mwili. Lawama yangu ni kwa mfumo unaomfundisha kwamba kipimo kikitoka hasi, kazi imebaki kutafuta kipimo kingine.

Dawa ya hilo haihitaji mashine. Dodoso la PHQ-9 ni karatasi moja yenye maswali tisa, moja kwa kila dalili. Mgonjwa anaulizwa ni mara ngapi katika wiki mbili zilizopita amesumbuliwa na jambo fulani, naye anajibu: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Majibu yana alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27. Kuanzia 10 kunahitaji uchunguzi wa kina, kuanzia 15 hali ni nzito, na 20 kwenda juu ni nzito sana. Lipo toleo lililorekebishwa kwa vijana. Dodoso hili limejaribiwa huku kwetu magharibi mwa Kenya, miongoni mwa watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na matokeo yakachapishwa 2009, kwa hiyo hakuna haja ya kuliita la kigeni. Huchukua kama dakika tano. Hata hivyo lina mitego yake. Halitoi hukumu ya ugonjwa, linaonyesha nani achunguzwe zaidi. Likijazwa mama akiwa amesimama begani, kijana ataandika sifuri kila mahali. Na swali la tisa, linalohusu kufikiri heri afe au kujidhuru, halisubiri jumla: jibu lolote lisilo "hapana kabisa" linataka mazungumzo siku hiyohiyo, hata kama alama zote ni 6.

Ofisi ya naibu mwalimu mkuu ni jambo zito zaidi, kwa sababu huko ugonjwa haukosi tu kutambuliwa bali huadhibiwa. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kufika darasani anaanza kuchelewa prepu. Analala kwenye somo la hesabu. Hafui sare. Anamjibu mwalimu. Kila moja ya hizi ni dalili katika karatasi ya daktari na ni kosa katika kanuni za shule, na mwalimu anayo karatasi ya pili tu. Basi mtoto anapewa adhabu, halafu barua ya kumleta mzazi, halafu wiki mbili nyumbani. Viboko vilipigwa marufuku 2001 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia marufuku hiyo, lakini kila mzazi anajua havijaisha. Kumtuma nyumbani kijana mwenye sonona kuna madhara mahususi: anatengwa na marafiki waliokuwa wamebaki kumshikilia, anakosa ratiba iliyokuwa ikimwamsha asubuhi, na anafika kwa mzazi mwenye hasira ya nauli na aibu. Wakati mwingine anafika kwa nyanya, dani au kukhu, ambaye anaambiwa tu kwamba mjukuu amekuwa mkaidi. Naelewa walimu wanaposema shule haiwezi kuendeshwa kwa kumsamehe kila mmoja, na wana haki. Ninachodai ni kidogo: kabla ya barua ya kumtuma mtoto nyumbani kuandikwa, mtu mmoja asiye naibu akae naye faraghani kwa robo saa na kumuuliza kuhusu usingizi, chakula, nyumbani, na kama amewahi kutamani asiwepo. Kama aliiba, ataendelea kuwajibika kwa wizi. Lakini shule itajua inamrudisha nani nyumbani.

Haja hiyo ni kubwa zaidi msimu huu. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Sekondari Pevu, na wengi walipangiwa shule ambazo hawakuzitarajia, baadhi mbali na kwao, kwa masomo ambayo hata ndugu zao wakubwa hawakuyapitia. Mtoto mpya bwenini aliyepungua kilo, anayeomba kila wiki kwenda kwa matroni na tumbo, anahitaji macho yaliyofunzwa. Walimu wa ushauri nasaha wapo, ila wengi wao hufundisha vipindi vyao vyote kama wenzao, na baadhi huketi pia katika kamati ya nidhamu. Mwanafunzi hawezi kumfungulia moyo Jumanne mtu atakayempigia kura ya kufukuzwa Alhamisi. Hizo kazi mbili zitenganishwe, na hilo halihitaji hata shilingi moja ya bajeti.

Wapinzani wa msimamo huu wana hoja, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza inasema shida ya vijana wetu ni umaskini, wala si ugonjwa: karo, njaa, vifo vya wazazi, mafuriko ya Nyando, ardhi iliyouzwa. Mpe mtoto karo na huzuni itaondoka. Kuna ukweli mkubwa hapo, na daktari anayempa kijana miadi bila kuuliza alikula nini jana amefanya nusu ya kazi. Lakini wapo watoto wengi ambao karo imelipwa na bado hawaamki, na wapo ambao shida ilianza kama karo ikageuka ugonjwa unaoendelea baada ya deni kulipwa. Kutatua chanzo na kutibu ugonjwa hufanyika pamoja. Hoja ya pili inasema tukianza kuwapima watoto wote, huzuni ya kawaida ya ujana itaitwa ugonjwa, na kliniki chache tulizo nazo zitafurika. Hofu hiyo ni halali. Msichana aliyeachwa na rafiki akalia siku nne hana sonona. Ndiyo maana nasisitiza wiki mbili na kuharibika kwa maisha ya kila siku, na ndiyo maana si kila mwenye alama 11 apelekwe Russia. Wengi watapona kwa kuzungumza na mtu aliyefunzwa, kurudishiwa usingizi na michezo, na kufuatiliwa baada ya wiki mbili.

Wanaotetea sheria ya zamani wanadai iliwatisha watu wasijaribu. Mtu aliyefika mahali pa kutoona kesho hapigi hesabu ya miaka miwili ya jela. Sheria ile iliwatisha jamaa zake. Wazazi walisema mtoto alikula kitu kibaya kwa bahati mbaya, daktari akatibu tumbo, na kijana akarudi nyumba ileile, wiki ileile, bila mtu kumuuliza chochote. Kuhusu dini, siungani na wanaomcheka mzazi anayeanzia kanisani au msikitini. Mchungaji anayejulikana na familia mara nyingi ndiye mtu wa kwanza kijana kumwamini. Hatari huja pale mtoto asiyelala anapowekwa kwenye mikesha ya siku tatu na mfungo, anapoambiwa ana pepo au chira, yaani laana, kutoka kwa babu zake, au anapoamriwa kuacha dawa ili kuonyesha imani. Kiongozi wa dini anayeomba na mgonjwa kisha akamsindikiza kliniki amefanya kazi ambayo hospitali haiwezi kuifanya.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo iliyoenea zaidi: kwamba ukimuuliza kijana kuhusu kujitoa uhai, umempa wazo. Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2005 jarida la tiba la JAMA lilichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi zaidi ya 2,300 wa shule za sekondari huko New York. Takriban nusu waliulizwa waziwazi kuhusu mawazo hayo na nusu hawakuulizwa. Walioulizwa hawakuzidi wenzao kwa dhiki wala kwa mawazo ya kujidhuru, na miongoni mwa waliokuwa tayari na sonona au waliowahi kujaribu, walioulizwa walionekana kuwa na nafuu. Hoja hii inaanguka hata bila utafiti. Kijana mwenye wazo hilo amelibeba peke yake kwa wiki kadhaa, na kimya cha watu wazima kinamthibitishia kwamba ni jambo lisilotamkika.

Basi aulizwe vipi? Usimwite sebuleni akae mbele ya baba, mama na mjomba kama kikao cha mahari. Vijana huzungumza vizuri zaidi mkiwa mnafanya kazi bega kwa bega: mkichambua maharagwe, mkienda posho mill, mkirudi kutoka mtoni. Mara nyingine shangazi, senge kama Waluhya wanavyomwita, hufaa kuliko mama. Anza na ulichokiona, si ulichokihukumu: "Mwanangu, naona siku hizi unaamka usiku wa manane na mpira umeuacha. Nini kinakusumbua?" Kisha nyamaza. Kimya cha nusu dakika kinachosha lakini ndicho kinacholeta jibu. Akisema "nimechoka tu", usimwambie wenzake wana shida zaidi, wala usimhesabie ulivyojitolea kumsomesha. Uliza umechoka na nini. Halafu uliza moja kwa moja: "Umewahi kufikiria heri usingekuwepo? Umewahi kufikiria kujitoa uhai?" Akisema ndiyo, uliza kama ana mpango na kama ni wa karibuni. Usiahidi kutunza siri. Mwambie: "Sitamtangazia mtu, ila nitawaambia wale wa kutusaidia, na nitakwambia kabla sijawaambia." Kugawa vitu anavyovipenda, kuaga watu bila sababu, au utulivu wa ghafla baada ya wiki za dhiki, vichukuliwe kwa uzito hata kama amejibu hapana.

Jibu likiwa ndiyo na kuna mpango, hiyo ni dharura kama ile ya kuvuja damu. Asiachwe peke yake hata chooni bila mtu karibu. Dawa za kunyunyizia shamba, dawa ya kupe na tembe zote za nyumbani zifungiwe au zipelekwe kwa jirani wakati huohuo, kwa kuwa kilele cha wimbi hili mara nyingi hupita, na kinachookoa maisha ni kwamba lilipofika hapakuwa na kitu karibu. Nambari 116 ya Childline Kenya na 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo, na Befrienders Kenya wanapatikana kwa 0722 178 177. Mpelekeni idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na tangu hukumu ya 2025 hakuna kosa la kuficha: mwambieni daktari ukweli wote, alichofanya, saa ngapi, kiasi gani. Hapa ndipo hukumu ya Jaji Mugambi ina faida ya moja kwa moja, na ni vyema kila mhudumu wa mapokezi aijue.

Kwa asiye katika dharura, njia huanzia kituo cha karibu, kisha barua ya rufaa hadi kliniki ya afya ya akili. Kliniki hizi haziketi lazima kila siku, kwa hiyo ulizeni siku kabla ya kulipa nauli. Bebeni kitambulisho cha mzazi na uthibitisho wa SHA, cheti cha kuzaliwa, dawa zote alizokunywa zikiwa kwenye pakiti zake, ripoti za shule za mihula miwili, na karatasi fupi yenye tarehe: lini usingizi ulibadilika, lini alama zilishuka, nini kilitokea nyumbani wakati huo. Mzazi ndiye anayetoa idhini kwa aliye chini ya miaka 18, lakini daktari mzuri atamwomba mzazi atoke kwa dakika chache. Tokeni bila kukasirika.

Matibabu ya kwanza kwa kijana ni mazungumzo ya kitaalamu, kikao kimoja kwa wiki, mara nyingi vikao 8 hadi 12. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa unakataza dawa za sonona kwa walio chini ya miaka 12. Kuanzia 12, mazungumzo yakikosa kufaa, dawa inayofikiriwa ni fluoksetini, chini ya uangalizi wa mtaalamu, aghalabu ikianzia miligramu 10 kwa siku. Amitriptilini, ambayo hupatikana karibu kila duka la dawa kwa sababu hutumika pia kwa maumivu na usingizi, haifai kwa sonona ya vijana na ni hatari sana ikizidishwa. Mzazi akipewa hiyo kaunta bila daktari, aikatae. Fluoksetini haileti nafuu siku ya tatu. Huhitaji wiki nne hadi sita, na kosa la kawaida kabisa ni kuiacha wiki ya pili kwa kusema haifanyi kazi. Kosa la pili ni kuikatiza ghafla mtoto akishachangamka, badala ya kuendelea kwa miezi kadhaa na kuipunguza pamoja na daktari. Wiki za mwanzo zinataka macho zaidi: baadhi ya vijana huhangaika au mawazo ya kujidhuru huongezeka, onyo ambalo Marekani iliamuru liandikwe kwenye dawa hizi tangu 2004, ndiyo maana mwongozo unataka aonwe kila wiki mwezi wa kwanza. Tembe zikae kwa mtu mzima.

Wataalamu hawatoshi, na hawatatosha kwa muda mrefu. Hiyo si sababu ya kukaa. Mwaka 2021 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha jaribio la mpango wa Shamiri uliobuniwa na Wakenya na wenzao: vijana 413 wa miaka 13 hadi 18, katika shule za Nairobi na Kiambu, wote wakiwa na dalili za sonona au wasiwasi. Waliokutana kwa makundi saa moja kwa wiki, wiki nne, wakiongozwa na vijana waliomaliza shule ya upili juzijuzi na kupewa mafunzo mafupi, walipata nafuu kuliko kundi lililofundishwa mbinu za kusoma. Waliohitaji zaidi bado walihitaji mtaalamu. Lakini kwa kaunti zenye wahitimu wengi wasio na kazi, na wahudumu wa afya ya jamii ambao tangu 2023 wanatembelea nyumba wakiwa na vifaa vya kupima shinikizo na sukari, ni vigumu kuelewa kwa nini maswali mawili ya kwanza ya PHQ hayamo katika kila ziara ya nyumba yenye kijana.

Mabunge ya kaunti za Kisumu, Kakamega, Vihiga, Siaya na Nakuru yanayo mambo ya kudai yanayopimika: fluoksetini isikosekane kwenye hospitali za kaunti ndogo, mhudumu mmoja katika kila kituo cha afya awe amepitia mafunzo ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani niliousema, na kliniki ya vijana iwepo Jumamosi. Hili la Jumamosi linahusu kalenda. Likizo za Aprili na Agosti ni za wiki chache tu, na mtoto anayeanza dawa au vikao wakati huo atarudi bwenini kabla matibabu hayajashika. Matroni hutunza tembe kwenye kabati bila maelezo, miadi inaangukia Jumatano ya mitihani, simu haziruhusiwi kwa hiyo 116 haipigiki, na muhula ukiisha kijana ameanguka tena. Shule ya bweni inayotaka kuzuia hili impe mwanafunzi huyo karatasi ya kutoka getini yenye tarehe za muhula mzima, imkabidhi kwa mwalimu mmoja anayemjua, iandike jinsi na saa za dawa, na iweke chumbani kwa matroni simu moja ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuitumia kupiga 116 bila kueleza sababu.